Nyuzi nyekundu kwenye mpunga wetu wa Mtongwe zililala urefu wa mtu

Jumapili, mwezi wa Julai, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Jua kali, upepo wa kusi mkavu, hata wingu la kudanganya hakuna.

Ndivyo daftari langu linavyoanza, wakuu. Salaam aleikum. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, mtanisahihisha. Pale nisipojua nitasema sijui.

Shamba lilikuwa la mama mkwe wangu, Bi Mwanasha, ng'ambo ya Likoni. Mvua ilikatika mpunga ukitoa mashuke. Mbegu ile ya kwao haikuwako kwengine. Tukichagua vibaya, mwaka wa pili ukame ungeimaliza kabisa.

Bwana shamba alitwambia: saa saba mchana tazameni mashina ambayo majani yake hayajajikunja. Hayo ndiyo mbegu.

Bi Mwanasha hakukubali. Alisema asiyejikunja huenda hajaona shida bado, tuchague walioteseka wakazaa. Nikaona maneno ya kizee. Nilikosea kumdharau, na niandike hivyo.

Nikafunga uzi kila shina bichi. (Nyinyi wa mtandaoni, mada kama hii ndiyo mnaiita uzi. Wangu niliuchomoa kwenye kanga nyekundu kuukuu.)

Nikarudi mpakani mwa shamba nitazame kazi yangu.

Nyuzi zote zilikuwa pahala pamoja. Upana wa mkeka, urefu wa mtu. Kote kando, mpunga umejikunja kama sindano.

Nikang'oa shina moja nione mizizi. Likaja pole pole, mzizi hauishi, kama kuna mtu kashika ncha ya pili. Nikatia mkono kwenye tundu, ukazama mpaka kiwiko. Baridi. Na kwengine kote shambani jembe lilikuwa likidunda kwa ugumu wa ardhi.

Bi Mwanasha akaja. Akatazama kibla, akatazama nyuzi.

"Baba, ulikuwa ukichagua mbegu au ukimpimia mtu sanda?"

Nikamwambia pengine ni shimo la zamani la mihogo.

"Pengine," akasema. "Zifungue."

Sikuchimba. Sikuona mfupa. Siwezi kuapa palikuwa kaburi. Najua tu kuwa udongo pale uliwahi kufukuliwa, mizizi ikashuka kunywa. Sifa haikuwa ya mmea.

Nyuzi nikazihamishia kwenye ardhi ngumu, kwenye vishina vifupi vibaya vyenye punje chache zilizojaa. Hivyo ndivyo tulivyopanda, na mbegu ile haikupotea.

Nilichojifunza: kabla hujausifu mmea, uliza umesimama juu ya nini. Wenye mashamba, mngeng'oa shina la pili? Mimi mpaka leo sijui kwa nini sikung'oa.

Mashuke ya pale Bi Mwanasha aliyakata yangali machanga. Mwalimu wa chuo cha Kurani akasoma hitima, dua ya maiti. Jina hatukuwa nalo, akamwombea "mwenye pahala".

Mpunga ule ukakaangwa, ukatwangwa, jioni tukala pepeta kwa nazi. Ilikuwa tamu, nimeandika. Na chini yake nimeandika kuwa hakuna aliyeomba kuongezewa.