Mtungi Mkubwa wa Izak Beukes

Jumanne, tarehe 6 Agosti 2019. Usiku sakitu ilianguka, na kulipopambazuka mabirika ya kunyweshea kondoo yalikuwa na utando wa barafu juu yake. Upepo haukuwepo. Anga lilikuwa la kijivu kutoka ukingo mmoja wa nyika hadi mwingine.

Izak Beukes alikuwa ameketi kilimani nyuma ya ukuta mfupi wa mawe alioujenga kwa mikono yake, katika shamba la kondoo la Rooidam, upande wa mji wa Prieska. Bunduki ya hewa ilikuwa mapajani. Chini yake kondoo majike walikuwa wanazaa. Kazi ya Izak, kwa miaka sita sasa, ilikuwa kunguru.

Asiyefuga kondoo hamjui kunguru. Wanakuja wawili wawili. Mmoja anamvuta mama mkia mpaka ageuke kumfukuza, na hapo mwenzake anamrukia mwanakondoo ambaye hata hajakauka, akaanza na jicho. Akimaliza jicho anautafuta ulimi. Ukiwapiga kwa bunduki ya baruti, mlio unalitawanya kundi lote, na mama aliyezaa pacha humrudia mmoja tu. Yule wa pili hulia mpaka baridi imnyamazishe. Ndiyo maana Rooidam walitumia bunduki ya hewa. Inakohoa kidogo tu, kunguru anaanguka, na mama anaendelea kumlamba mtoto wake.

Asubuhi ile Izak alikwisha kuangusha kunguru saba hewa ilipoisha. Mtungi wa hewa wa bunduki, uliofungwa chini ya mtutu, ulikuwa wa alumini na mdogo. Akaichukua pampu ya mkono. Ni kama ya baiskeli, ila ni ndefu zaidi, na kadiri mtungi unavyojaa ndivyo inavyokuwa ngumu, mpaka mtu anaisukuma kwa uzito wa mwili wote. Zamani Izak aliisukuma huku akipiga mluzi. Siku hizi akisukuma kidogo kifua kilijifunga, macho yakaona nyota, ikabidi aketi.

Aliketi. Kunguru wawili wakashuka kando ya kondoo mwenye sikio lililokatika. Izak aliwaona vizuri kabisa. Alikuwa na bunduki isiyo na hewa, na kifua kisicho na hewa, na hakuweza hata kupiga kelele.

Alizaliwa kwenye machimbo ya asbesto kando ya Mto Orange. Mama yake aliponda mawe kwa nyundo pamoja na wanawake wengine, na watoto wakacheza kwenye nyuzi za buluu kama watoto wa kwingine wanavyocheza kwenye mchanga. Mama alikufa kwa kukohoa. Machimbo yalifungwa, watu wakahama, naye Izak akawa mkata manyoya ya kondoo, shamba baada ya shamba, hadi mgongo ulipomkataa na akapata kazi ya kunguru. Mwaka uliopita muuguzi wa zahanati aliinua picha ya mapafu yake dirishani na kumwonyesha kwa kidole makovu ya vumbi lile la asbesto. Mkewe Sanna alikuwepo. Hakuna mwingine aliyeambiwa.

Saa nne mwenye shamba, Riaan Vosloo, alipanda na pikapu.

"Habari za asubuhi, mzee Izak. Wangapi?"

"Kunguru saba, bosi. Na mwanakondoo mmoja ameenda."

"Ameenda! Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikosa shabaha."

"Wewe? Mzee, wewe hata nzi humkosi." Riaan alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye shingo nene na sauti ya upole. Alitazama kundi lake kwa muda. "Jana wawili, leo mmoja. Kuna jamaa wa Britstown ananipigia simu. Ana mbwa, ana bunduki zake. Anachotaka ni mahali pa kulala tu."

Nyumba za wafanyakazi Rooidam zilikuwa mbili. Moja ya Tollie, mchungaji. Nyingine, ile iliyo karibu na bwawa, ilikuwa ya mtu wa kunguru.

"Shida ni mtungi, bosi," Izak akasema. "Hawa ndege wana akili. Wakiniona nasukuma pampu wanajua bunduki imekauka, wanashuka. Nols pale mjini anauza mitungi ile mikubwa, myeusi, ya nyuzi za kaboni. Inabeba hewa nyingi na presha kubwa. Anakujazia kwa mashine, unapiga siku tatu nne bila kugusa pampu."

Kuhusu mtungi hakusema uongo. Kila neno lilikuwa la kweli.

Riaan alipenda vyombo vipya. "Siku tatu nne?" akauliza, na usoni mwake Izak akaona kwamba amekubali.

Jioni, Sanna alipokuwa akigeuza mikate juu ya makaa, aliuliza bila kumtazama. "Umemwambia?"

"Nimemwambia mtungi ni mdogo."

"Mimi nimekuuliza habari za kifua, mzee wangu."

"Bibi wee, kifua hakiuzwi kwa Nols."

Sanna aligeuza mkate mwingine.

Ijumaa walikwenda Prieska. Duka la Nols lilikuwa chumba kimoja chenye visu, kamba, makopo ya risasi na kompresa, ile mashine ya kujazia hewa, iliyonguruma nyuma ya pazia. Nols mwenyewe alikuwa mtu mfupi mwenye ndevu za rangi ya kutu. Alifyatua hewa yote iliyobaki katika bunduki, akaufungua mtungi wa alumini kwa mkono, akapaka grisi ya silikoni kidogo sana kwenye pete ya mpira, kisha akauzungusha ule mtungi mweusi taratibu mpaka ukakaa.

"Msipake mafuta ya gari humu," alisema. "Labda kama mmoja wenu amechoka na uso wake. Presha ikikutana na mafuta inawaka moto. Na msiuangushe. Nyuzi hizi zikikatika, mtungi ni wa kutupa."

"Pampu ya mkono tunayo bado," Riaan akasema. "Wiki nisipoweza kuja mjini tutajazia shambani."

Nols alimtazama, kisha akamtazama Izak. "Basi mle vizuri kwanza."

Riaan alicheka. Alidhani ni utani. Izak hakucheka, wala hakuuliza. Alikuwa akiisikiliza kompresa, jinsi ilivyoendelea kusukuma bila kuketi chini.

Nyumbani ilibidi apunguze mbao ya bunduki kwa kisu, kwa sababu mtungi mpya ulikuwa mnene na ulibana. Alichonga kwa uangalifu mkubwa, akasugua kwa msasa, akapaka mafuta ya mbegu za kitani kwenye mbao peke yake. Halafu akailenga upya kwenye kopo, kwa kuwa uzito ulikuwa umebadilika na risasi zilikuwa zikishuka kushoto. Tollie, mchungaji, alisimama akitafuna bua.

"Hee, mjomba Izak! Hiyo bunduki ina mimba ya miezi mingapi?"

"Kamuulize Nols. Ndiye aliyelala nayo."

"Ikizaa pacha nipe mmoja."

"Wewe ukipewa bunduki, Tollie, kunguru watakuja kutazama mchezo."

Siku zilizofuata zilikuwa njema, na Izak hakuwa na nyingine kama hizo mwaka ule. Alipanda kilimani polepole kabla ya watu kuamka ili asionekane akipumzika njiani. Akaketi, akapiga, wala hakuigusa pampu; hewa ilipopungua Riaan aliipeleka bunduki kwa Nols ikajazwa. Kunguru waliokufa aliwatundika kwenye waya wa uzio, miguu juu, na wenzao wakawa wanazungukia mbali. Riaan alipita kila siku na kuhesabu waliotundikwa, akasema yule wa Britstown sasa atafute shamba jingine. Sanna alipanda vitunguu nyuma ya nyumba. Usiku Izak alilala ameketi, mito miwili mgongoni, lakini alilala.

Wiki ya pili kompresa ya Nols iliungua. Alimwambia Riaan kwa simu kwamba anasubiri kipuri kutoka Kimberley, hajui lini kitafika. Siku hiyohiyo baridi kali ilivuma kutoka kusini, ikiwa na mvua nyembamba iliyoganda kabla ya kugusa chini, na kondoo, kama wafanyavyo hali ya hewa ikichafuka, wakaanza kuzaa wote kwa pamoja. Kunguru walikuwa na njaa. Izak alipiga tangu asubuhi hadi jioni. Kesho yake, Jumatano, kabla ya saa tatu, bunduki ikatoa sauti ya mtu anayetema mate, na risasi ikaanguka hatua chache mbele yake.

Akateremka nyumbani. Riaan, aliyejua hewa imekaribia kuisha, alikuwa amekwisha kufika uani na pampu mkononi.

"Jaza, mzee. Si bunduki ni ileile, imenenepa tu."

Izak aliunga bomba la pampu, akaweka miguu yake sawa, akasukuma. Sindano ya geji, kile kipimo cha hewa, ilikaa ilipokuwa. Akasukuma tena na tena. Sindano ikatikisika kidogo, kama mtu aliyeguswa usingizini, ikatulia.

"Lete," Riaan akasema. Alisukuma kwa nguvu za ujana wake mpaka jasho likamtoka katika baridi ile. Akainama kutazama. "Pampu imekufa hii."

"Pampu ni nzima, bosi," Izak akasema kwa sauti ya chini. "Mtungi huu unameza zaidi ya mara mbili ya ule wa zamani. Hewa yote ile uliyoisifu lazima mtu aiingize."

Riaan alijinyoosha. Walitazamana, na kwa mara ya kwanza wote wawili wakaelewa kwa nini Nols aliwaambia wale vizuri kwanza. Ule wa zamani, mdogo, Nols alikuwa ameuchukua dukani kama sehemu ya bei.

Kutoka kilimani walisikia kunguru.

"Basi hakuna njia," Riaan akasema. "Sukuma. Mimi namfuata Tollie tuwafukuze kwa mikono. Nikirudi uwe umefika hata nusu."

Pikapu ikaondoka. Izak angeweza kusema wakati ule. Aliyajua maneno, yalikuwa machache. Lakini alitazama vitunguu vya Sanna, vilivyokuwa vimetoa ncha za kijani, akashika mpini.

Alisukuma, akapumzika, akasukuma. Sindano ilipanda upana wa ukucha. Kisha kifua kikajifunga chote, na mpini ukamponyoka. Alipiga magoti, akauegemea ukuta wa nyumba, mdomo wazi kama samaki. Sanna alitoka na aproni yake. Alimvuta akae vizuri, akamfungua kifungo cha shingo, kisha akaenda kwenye pampu, akaanza kusukuma yeye.

Riaan alirudi na Tollie baada ya muda, na hicho ndicho alichokikuta: mwanamke wa miaka hamsini na tano akiisukumia bunduki hewa, na mumewe chini ya ukuta, midomo ya rangi ya majivu.

"Kuna nini hapa?"

"Kuna mapafu, bosi," Sanna akasema, bila kuacha kusukuma. "Hana."

"Acha kwanza, mama. Acha." Riaan alichuchumaa mbele ya Izak. "Tangu lini?"

Izak alingoja mpaka sauti ikapatikana. "Kwenye karatasi, mwaka jana. Ila nilianza nikiwa mtoto."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, bosi, leo tungekuwa tunakaa wapi?"

Riaan alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. "Ukame umenimaliza, mzee. Wanakondoo ndio kitu pekee kilichobaki. Siwezi kumweka mtu..." Aliyasema hayo kwa upole, na ule upole ndio uliomfanya Sanna ageuze uso. "Mkae mpaka mwisho wa mwezi. Nitawapeleka mimi mwenyewe na vitu vyenu kwa dada yako mjini, mama."

Dada yake Sanna alikuwa na chumba cha mabati nyuma ya nyumba yake. Wote walikijua. Riaan aliichukua bunduki, akampa Tollie, akampigia simu mtu wa Britstown akiwa anatembea kuelekea kwenye gari.

Tollie alibaki amesimama na bunduki kana kwamba amepewa mtoto wa mtu. "Mjomba, mimi sikuomba."

"Najua. Ishike chini, usiishike kwenye mtungi."

Siku ile Rooidam walipoteza wanakondoo tisa.

Kesho yake, Alhamisi, Izak aliamka kabla ya kupambazuka kama kawaida. Alikunywa kahawa akiwa amesimama. Alipanda kilimani pamoja na Tollie, akasimama mara nyingi njiani, na safari hii hakuficha. Alimwonyesha mwenzake upande ambao kunguru hutokea jua likiwa chini, na kondoo mwenye sikio lililokatika, ambaye ni mzito wa kugeuka. Kisha akashuka peke yake. Nyuma ya nyumba alichukua koleo, akaanza kung'oa waya wa banda la kuku, msumari mmoja mmoja, akiunyoosha kila msumari juu ya jiwe na kuutia kwenye kopo. Waya ule alikuja nao Rooidam mwenyewe.