Mlango wa Kabati la Baba Mkwe

Kabati lile baba mkwe alilichonga mwenyewe kwa mti wa mukula. Tangu afariki, mama mkwe akija kutoka Kasenga hulisalimia kabla ya kutusalimia sisi. Huomba kitambaa chenye maji, akalipangusa taratibu kama anayemwosha mtu uso. Nami ndiye niliyeunguza mlango wake.

Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya Lubumbashi ikiuma hadi mifupani. Niliingiza mbabula, jiko letu la makaa, sebuleni nikaiweka karibu mno na kabati. Nilipogeuka, mlango ulikuwa mweusi katikati. Mume wangu alikuwa safarini Kasumbalesa, sikumwambia. Yeye nilimwogopa kidogo, mama yake sana, na mama alikuwa anakuja Jumamosi.

Fundi jirani alinitengenezea mlango mpya wa mbao nyeupe. Ule wa zamani niliupasua nikauchoma kwenye mbabula ile ile, usibaki ushahidi. Kipande cha mwisho kilipogeuka motoni ndipo nikakumbuka kilichokuwa upande wa ndani: siku walizozaliwa watoto saba wa baba mkwe, kwa kalamu ya risasi, kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuwa nikiyaona maandishi yale kila nilipotoa sahani, hata macho yakayazoea. Nilitia mkono motoni. Nilikuwa nimechelewa.

Basi nikafanya nilichofundishwa na baba yangu, aliyekuwa fundi wa kupaka rangi. Niliupaka mlango mpya rangi ya manjano iliyofifia, ikakauka, nikaisugua kwa msasa. Kisha nikachanganya unga wa rangi ya kahawia na bia iliyoishiwa povu. Mwenye duka alinitazama vibaya aliponiuzia chupa, mimi nisiyekunywa. Nikapaka maji hayo juu, nikayakwaruza kwa kitana nilichokata kwenye mpira wa gurudumu, mistari ya mti ikatokea. Mikono ilinitetemeka, na kutetemeka huko kuliifanya ifanane zaidi na ya kweli. Ilibaki vanishi tu. Bila vanishi, rangi ya bia hutoka kwa maji.

Ijumaa asubuhi gari la samaki likamleta mama, siku moja mapema.

"Leta kitambaa," akasema.

Nikaleta kikavu. Akanirudishia. Nikakilowesha, njia ya mwongo ni fupi. Akapangusa juu, akapangusa pembeni, akashuka kwenye mlango, nami nikamshika mkono, jambo ambalo mke wa mtoto hamfanyii mama mkwe.

"Mama, usipanguse hapo. Rangi itatoka. Ile mulango haiko ya baba. Ya baba nililunguza na mbabula."

Akaufungua. Ndani mbao ilikuwa nyeupe, tupu.

"Na maandiko?"

"Yote ililungula, mama."

Akakaa sakafuni, kitambaa mapajani. Nilingoja matusi.

"Tafuta kalamu," akasema. "Andika weye, miye sioni muzuri. Ya kwanza ni bwana yako."

Akanitajia siku moja moja, pamoja na za wawili waliokufa wangali wachanga. Ya mmoja wao hakuipata. Alirudia, akahesabu kwa vidole, akaniambia baba ndiye aliyekuwa anaikumbuka. Nikaacha nafasi. Iko tupu mpaka leo.