Povu la Maji ya Majivu

Juzi mjukuu wangu, anayesoma kemia, alikamulia ndimu ndani ya maji ya majivu niliyochuja ili nilainishe maharage. Niliposikia lile povu, shwaa, nikawa tena mutoto pale Murara, tulipofikia kwa watu tukikimbia vita.

Mama alikuwa anachuja majivu ya maganda ya ndizi, harufu yake kali kama ya sabuni. Mama mwenye nyumba akamfokea, "Unatutilia nini katika chungu? Ndimu itasema! Sumu inatoa povu!" Akakamua nusu. Kimya. Akakamua nusu ya pili, povu likapanda.

"Munaona? Sumu! Hawa wakimbizi watatumaliza!"

Mama alimwaga yote. Jioni akanisogezea sahani ya maharage magumu. Niliisukuma. Niliamini mama yangu alitaka kutuua.

"Koko, kile kitu cha majivu kiko na mikono mbili," mjukuu alinieleza. "Wa kwanza unakamata ukali wa ndimu kwa nguvu, kimya. Wa pili uko na nguvu kidogo. Nao ukikamata, kitu kinavunjika, hewa inatoka. Ni hewa tu."

Kwa ajili ya hewa, jioni ile mama alikula peke yake, uso ukutani, na mimi nilikuwa mutoto wake wa pekee.