Marahaba kwa Mdogo Wangu wa Lindi

Mimi ni mtu wa kujisifu kwa kusoma. Sisemi kusoma kwa shule, maana huko niliishia kidato cha nne na hakuna mwalimu anayenikumbuka. Nasema kusoma vitabu. Nina duka la kutoa kopi na kuchapa barua hapa Kilwa Masoko, na chini ya kaunta hakukosekani kitabu. Mteja akija na kitambulisho chake ananikuta nimekunja uso kwa sababu ya mtu ambaye hajapata kuwepo duniani. Wengine huniita mwalimu. Siwasahihishi.

Niliingia kwenye kundi la wasomaji la kwenye simu baada ya mke wangu kuondoka. Nalisema hili mapema ili hali yangu ieleweke. Hakuondoka kwa ugomvi mkubwa. Alisema tu kwamba amechoka kuishi na mtu anayebishana hata na redio. Nilimbishia. Baada ya hapo nyumba ikanyamaza, na mimi, niliyedhani napenda utulivu, nikagundua kwamba ninachopenda ni kubishana. Wateja hawabishani, wanauliza bei na kuondoka. Mama yangu anaishi Likawage na huja Masoko kwa kliniki ya presha, lakini mama hubishani naye, unamsikiliza tu.

Kundi lile lilikuwa na utaratibu wake. Kila Jumapili mwanakundi mmoja alikalishwa mkekani, ndivyo tulivyosema. Anataja kitabu anachokipenda kuliko vyote na sababu zake, kisha wenzake wanamuuliza maswali, hata ya ndani, naye anajibu kweli tupu. Picha za sura hazikuruhusiwa, wala umri, wala kazi. Lengo lilikuwa tujuane kwa tulivyosoma.

Balaa langu lilianzia kwenye salamu. Vijana wa Dar waliingia kwa wingi, na asubuhi kundi lilijaa "mambo vipi" na "niaje". Nikaudhika. Mama alitulea kwa shikamoo. Mkubwa huamkiwa ukiwa umesimama, huna kitu mdomoni, na ole wako uipokee shikamoo ya aliyekuzidi hata kwa mzaha. Basi nikaandika waraka mrefu kuhusu adabu. Umri ulikatazwa, nami sikuutaja, lakini niliunguruma kiasi cha kila mtu kuelewa kwamba ninakaribia hamsini na ninastahili kuamkiwa.

Kesho yake asubuhi ukaingia ujumbe wangu peke yangu, kutoka kwa mwanakundi ambaye picha yake ilikuwa ya paka amelala juu ya kitabu. "Shikamoo, kaka. Nisamehe, sikujua."

Nikajibu kwa ukarimu wa mfalme. "Marahaba, mdogo wangu. Wewe umelelewa."

Kuanzia siku hiyo aliniamkia kila asubuhi, na baada ya shikamoo tulibishana mpaka chai ikapoa. Alikuwa dada wa Lindi mjini. Mengine niliyapata siku alipokalishwa mkekani. Kitabu alichokipenda kuliko vyote, alisema, hajui kinaishaje. Kilikuwa kitabu cha zamani, kisa cha mwanamke ambaye mumewe ameenda kwenye mashamba ya mkonge, na nakala yake ilikosa kurasa za mwisho kwa sababu kuna mtu alizichana akafungia karanga. Hakuwahi kupata nakala nyingine, na siku hizi, alisema, hata haitafuti.

Mimi nikashika msimamo kwamba mume alirudi. Lazima arudi, ndiyo kazi ya kitabu. Yeye akasema hakurudi, na mwanamke alilijua hilo tangu ukurasa wa kwanza, ila mwandishi alikuwa mwanamume ndiyo maana akachelewa kutuambia. Nikamwandikia hoja tano. Akajibu, "Kaka, wewe umewahi kuachwa?"

Niliiweka simu chini, nikatoa kopi za mteja, nikaichukua tena. "Nimeachwa. Alisema nabishana hata na redio."

"Basi bishana na mimi," akaandika, "redio ipumzike."

Nisiwafiche, nilifurahi mpaka nikaharibu karatasi za watu. Hakuna aliyeniambia neno kama lile tangu nyumba inyamaze. Tangu hapo niliamka asubuhi nikiwa na sababu ya kuamka, na niliogopa kitu kimoja tu, kwamba siku moja yule dada atanichoka kama mwenzake alivyonichoka.

Sasa niwape na majibu mengine aliyoyatoa mkekani, ili mpime wenyewe uwezo wa huyu anayejiita msomaji. Aliulizwa anaogopa nini, akasema kuanguka bafuni. Nikacheka, nikaona ana utani. Aliulizwa nini kinamuudhi, akasema watu wanaopaza sauti wanapozungumza naye. Nikaona ni mtu wa staha. Chakula? Ugali wa muhogo na kisamvu, lakini siku hizi bila chumvi. Nikasema moyoni, huyu anajitunza umbo. Kwake anaishi na nani? Na watoto wawili wasumbufu ambao si wa kuwazaa. Nikamuhurumia binti wa watu, kaachiwa watoto wa dada zake. Na kwa kuwa aliandika "poa" na "noma" bila kusita, nikamkadiria miaka thelathini na kitu.

Mwezi mmoja hivi nikawa na safari ya Lindi kufuata wino wa mashine. Sisemi kwamba nilikuwa na nia yoyote. Ni kweli nilinyoa, nikanunua shati, na nikabeba kichupa cha manukato chenye utepe wa waridi, vitu ambavyo wino hauhitaji. Nilimwandikia kwamba nitapita kumsalimia. Akanijibu, "Karibu sana, kaka. Panda kilimani, uliza nyumba yenye mkomamanga."

Bodaboda akanishusha penye mkomamanga. Barazani alikaa bibi mwenye miwani, anachagua mchele kwenye ungo. Nikasimama vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nimekaribia. Samahani, namtafuta dada mmoja wa humu ndani. Ni msomaji wa vitabu."

Akanitazama juu ya miwani. "Dada gani?"

"Ni binti mmoja mchangamfu. Anapenda ubishi kidogo, lakini ana adabu sana."

"Ana umri gani huyo?"

"Thelathini na kitu."

"Ni mzuri?"

Hapo ningenyamaza ningepona. "Sijamwona, mama, lakini kwa maandishi yake, anaonekana."

Akaweka ungo pembeni taratibu, akakung'uta pumba kwenye kanga yake. "Shikamoo, kaka," akasema. "Karibu ukae, umepata tabu ya safari."

Nilikaa, lakini si kwa kutaka. Huyu ni mama ambaye mama yangu mzazi angempigia goti, nami nilikuwa nimepokea shikamoo zake asubuhi baada ya asubuhi, na mara nyingine, Mungu anisamehe, nilimkemea kwa kuchelewa. Nikaanza kuomba radhi. Niliomba radhi kwa maneno yote niliyokuwa nayo, ya Kiswahili na ya dini, yeye akicheka mpaka akavua miwani kujifuta.

"Mwanzoni nilidhani unanitania," akasema. "Wajukuu zangu wananiita mchumba, mimi nawaita waume zangu, ndiyo utani wetu. Nikasema, kumbe na huko Kilwa nimepata mtani. Baadaye nikaona huyu mtu hatanii, kweli hajui. Nikakuacha."

"Lakini kwa nini, mama?"

"Ulikuwa unabisha vizuri."

Akapokea manukato yangu, akajipaka palepale shingoni, akanipikia, na wajukuu wawili wakanichungulia dirishani kama mnyama wa mbuga. Nilikula kisamvu kisicho na chumvi nikiwa nimeinamisha kichwa. Hata alipotaja kile kitabu akasema mume hakurudi, nilijibu, "Naam, mama, huenda ni kweli." Alinitazama kidogo, akaniongezea kisamvu. Nikarudi Kilwa nimesahau wino.

Nilidhani ninachotakiwa kufanya sasa ni kulipia adabu yote niliyoikosa. Asubuhi iliyofuata nikawahi mimi. "Shikamoo, mama. Umeamkaje? Presha inaendeleaje? Mwenyezi Mungu akujalie afya njema." Akajibu, "Marahaba, mwanangu." Siku iliyofuata hivyohivyo. Kila nilichokiandika kilinyooka kama barua ninazowachapia watu za kuomba kazi. Akisema kitabu fulani kibaya, nami nilichokipenda, nilimjibu kwamba ameona mbali. Majibu yake yakapungua, yakawa neno moja, kisha zikaja asubuhi ambazo hakujibu. Nikajipongeza kwamba angalau sasa namheshimu. Nilikuwa mpweke na mwenye adabu.

Jumapili moja zamu ikamrudia, akakalishwa mkekani. Kijana mmoja wa Dar akamuuliza kama kuna kitu amekipoteza mwaka huu.

"Nilikuwa na kaka," akaandika. "Siku moja akaja kunitembelea nyumbani, akaondoka akiwa mjukuu. Wajukuu ninao tisa. Kuanzia asubuhi mtaa mzima unaniamkia, na kila anayeniamkia ananiuliza presha. Yule alikuwa ananiuliza ninasoma nini."

Wenzangu wakamwaga alama za machozi, wakidhani ni fumbo. Mimi nilijua ananisema mimi. Nilimpa heshima yangu yote, na yeye aliiona ni mlango unafungwa. Nilikuwa nimemwacha, mimi ninayejua kuachwa kukoje, tena nimemwacha kwa shikamoo.

Dawa yake niliijua. Kuitekeleza ndiyo kazi. Kesho yake asubuhi nilifungua duka nikiwa na ujumbe kichwani, lakini kila nilipoanza kuuandika kidole kiligoma. Mama alikuwa amefika kutoka Likawage, amekaa kwenye kigoda cha wateja akisubiri muda wa kliniki. Hebu fikirini, kumdai shikamoo mkubwa kama yule, mbele ya mama aliyenifundisha kuamkia. Niliandika, nikafuta. Niliandika, nikaweka "samahani mama" mwanzoni, nikaifuta hiyo samahani.

"Unatoka jasho," mama akasema. "Unamwandikia nani?"

"Mdogo wangu mmoja, mama. Yuko Lindi."

"Ndugu wa wapi huyo nisiyemjua?"

"Wa vitabu."

Akafikiri kidogo. "Haya, msalimie. Mwambie mama yake anamsalimu."

Nikafumba macho, nikatuma. "Mdogo wangu, jua limeshatoka na mimi sijaamkiwa. Huko Lindi adabu imekwisha? Na ulisema kile kitabu ninachokipenda ni kibaya, nikakukubalia tu, lakini hukukielewa hata kidogo. Mama yako anakusalimu."

Kisha nikangoja. Mteja akaja kutoa kopi ya cheti, nikamtolea kopi ya upande usio na kitu. Niliwaza kwamba sasa nimemtukana, na kwamba wajukuu tisa watakuja na basi la kwanza. Niliwaza pia kwamba hatajibu kabisa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Simu ikalia.

"Shikamoo, kaka. Nisamehe, nilipitiwa. Salamu za mama zimefika. Kitabu nilikielewa kuliko wewe, na yule mume hakurudi."

Nikainuka kwenye kiti. Mama akauliza naenda wapi, nikamwambia siendi popote. Nikatema karanga nilizokuwa natafuna, nikasimama wima nyuma ya kaunta, simu nimeishika kwa mikono miwili, ndipo nikaandika.

"Marahaba, mdogo wangu. Alirudi."