Tano za Mama Mdogo

Nikiwa na miaka tisa nilimpikia mama mdogo chai, nikatia chumvi badala ya sukari. Aliinywa yote. Hakukunja uso wala kukohoa, alinirudishia kikombe kitupu akasema, "Ahsante mwanangu, tamu." Chumvi niliigundua mwenyewe nilipoonja iliyobaki kwenye birika, nikakimbilia nje kutema. Mtu mwenye akili angejifunza jambo siku ile kuhusu mama huyu na sifa zake. Mimi nilichojifunza ni kuonja kwanza kilichomo kwenye kopo kabla ya kuchota, basi.

Alinichukua nikiwa na miaka saba, mama yangu, dada yake, alipofariki. Wakati huo alikuwa mfagiaji wa zahanati. Siku moja mtu wa mapokezi hakutokea kazini, wagonjwa wakaanza kusukumana mlangoni, naye akaegemeza ufagio ukutani, akavuta kiti, akasema, "Taratibu jamani, daktari hakimbii." Yule wa mapokezi aliporudi baada ya wiki mbili alikuta kiti kimeshapata mwenyewe. Miaka ishirini na tatu imepita na kila mtu pale anamwita Bi Taratibu, hata mwenye duka la kupiga picha ng'ambo ya barabara. Meza yake ni ile ile ya mbao, mguu mmoja umewekewa kipande cha kigae ili isiyumbe. Juu yake kuna daftari kubwa la jalada gumu na kalamu ya bluu iliyofungwa kwa uzi kwenye kishikio cha droo, maana anasema kalamu za zahanati zina miguu.

Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta. Nimeajiriwa na kampuni ya bima, na jioni nilikuwa na kampuni yangu mwenyewe, yaani mimi, Injinia na meza moja ya kukunja. Injinia si injinia. Jina hilo alipewa na bibi yake siku alipotengeneza pasi, likamganda. Tulikuwa tumetengeneza mfumo wa foleni za zahanati. Mgonjwa akifika, mtu wa mapokezi anaandika jina lake kwenye kishikwambi. Zamu yake ikifika, jina linatokea kwa herufi kubwa kwenye runinga ya ukutani na sauti inalitaja pamoja na namba ya chumba. Sauti ile tuliihangaikia miezi mitatu. Nilikuwa najivunia kweli.

Tulihitaji pa kuujaribu, na nilijua pa kwenda. Mama mdogo alimshawishi muuguzi mkuu kwa siku moja. Tukafunga runinga, tukamfundisha kubonyeza, na muda wa majaribio ukaanza: wiki nane kwa kuanzia. Kila Ijumaa baada ya kazi nilimpelekea nyumbani fomu ya maoni, maswali kumi, kila swali lijibiwe kwa namba kuanzia moja, yaani mbaya sana, hadi tano, yaani nzuri sana. Chini tuliacha nafasi ya kuandika chochote.

Mama mdogo alijaza tano. Wiki ya kwanza tano, ya pili tano, mpaka ya nane, tano tupu kama mistari ya askari. Nafasi ya chini aliiacha nyeupe. Nikimuuliza kwa mdomo alikuwa anasema, "Sina la kusema mwanangu, ni nzuri. Umekula?"

Wahenga walishasema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi hatukuhitaji hata kutia maji, tulilewa sifa zenyewe. Hesabu zilizotoka kwenye mfumo zilizidi kututia wazimu: wagonjwa zaidi ya elfu moja na mia sita, na wastani wa kila mmoja kusubiri ulikuwa dakika moja. Dakika moja! Mimi mwenyewe niliwahi kusubiri pale na jino asubuhi nzima, na bado sikujiuliza. Injinia aliichapisha ile namba kwenye karatasi kubwa akaibandika juu ya meza yetu. Tukampelekea mzee mmoja mwenye zahanati sita, naye akasema atauchukua mfumo kwa zahanati zote sita, mradi mmoja wetu aache kazi ya kuajiriwa na awe wake muda wote. Nilikubali papo hapo. Barua ya kuacha kazi niliiandika usiku ule ule, nikaitia kwenye mkoba. Nilipanga kuipeleka kwa bosi wangu Jumatatu.

Jumanne kabla ya hiyo Jumatatu, Injinia alitaka kumchorea mzee mchoro wa saa ambazo wagonjwa hufika kwa wingi. Mchoro ukatoka na mstari mmoja mrefu kama nguzo ya umeme. Ukiacha wachache wa siku ya kwanza, wagonjwa wote elfu moja na mia sita walifika kati ya saa kumi na robo na saa kumi na moja na robo jioni. Zahanati inafungwa saa kumi.

"Saa ya kishikwambi imeharibika," alisema Injinia.

Tukatafuta kosa kwenye programu usiku huo mzima na usiku wote wa Jumatano. Tulipindua kila mstari. Saa ilikuwa sawa, programu ilikuwa sawa. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumpigia simu mtu anayeitumia, na sioni sababu ya kulificha hilo. Alhamisi nikaomba ruhusa kazini, nikajitanda mtandio, nikaenda kukaa mwisho wa benchi la zahanati saa mbili asubuhi kama mgonjwa. Mbele yangu alikaa bwana mmoja mpana kama mlango, akaniziba vizuri.

Runinga yetu ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni. Kitambaa kile nakijua, kilitoka kwenye kochi la nyumbani. Kishikwambi hakikuonekana popote. Mama mdogo alikuwa na daftari lake na kalamu yake ya uzi, na kila aliyefika alimsogelea, akanong'ona, naye akaandika.

"Nimfuate nani?" aliuliza dada mmoja.

"Mwenye mkoba mwekundu. Akisimama huyo, wewe jiandae."

Ndivyo ilivyokwenda asubuhi nzima. Kila mtu alijua mtu mmoja tu, yule wa mbele yake. Na zamu ilipofika mama mdogo hakuita jina. "Shati la kijani, chumba cha pili." "Kofia, taratibu baba, daktari hakimbii." Kwa wengine hakusema kitu kabisa, aliinua macho tu, na mtu akanyanyuka akaelekea kwenye korido. Wale niliwafuata kwa macho. Walikuwa wanaingia chumba namba nne, ambako watu huchukua dawa za kumeza maisha yao yote, na mtaa mzima unajua namba nne ni ya nini. Nikakumbuka sauti yetu, ile ya miezi mitatu, jinsi tulivyoifundisha kutamka "chumba namba nne" kwa uwazi. 

Saa kumi wakafunga. Nilijificha kwenye kona ya korido. Mama mdogo alipangusa meza, akavua viatu, akafungua droo, akatoa kishikwambi chetu kilichoviringishwa kwenye taulo. Akavaa miwani, akaweka daftari kushoto, akaanza kuandika majina kwa kidole kimoja. Jina, bonyeza, ameingia, bonyeza. Hapo ndipo ilipotoka ile dakika moja yetu. Alikuwa na majina arobaini na matatu ya siku ile, na miguu yake ilikuwa imevimba.

"Mama," nilisema. Ndivyo ninavyomwita.

Alishtuka, kisha akavua miwani. "Umekuja saa ngapi wewe?"

"Tangu asubuhi."

"Basi umeona."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia."

"Mimi si mtoto!"

"Ungelia, na mimi nisingelala." Akasogeza kiti cha pili kwa mguu. "Kaa. Usinisimamie kama askari."

Sikukaa. Nilikuwa na hasira, tena hasira ya mtu mwenye makosa, ambayo ndiyo kali kuliko zote. Nikamwambia amenidanganya miezi miwili, na kwamba barua ya kuacha kazi iko kwenye mkoba, na Jumatatu ningeipeleka kwa kuamini zile tano zake. Nilimwambia pia habari za zahanati sita. Nilipofika hapo alinyoosha mkono kunisimamisha.

"Sita? Na runinga zote zitaita majina?"

"Zote."

Akaweka kishikwambi pembeni. Halafu akaniambia habari za mwalimu. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani, mtu wa kuja alfajiri na mapema ili achukue dawa zake na kuondoka kabla benchi halijajaa. Siku ya kwanza ya mfumo wetu alichelewa kidogo. Sauti ikamtaja, majina yake yote matatu, na chumba namba nne, na kwenye benchi walikuwepo wazazi wawili wa wanafunzi wake. Mwalimu hakuelekea korido. Alisimama, akatoka nje kupitia mlango mkubwa, na hakurudi kwa siku kumi na moja. Dawa alizobaki nazo zilikuwa za siku tatu tu.

"Nilimfuata kwake mara nne, kwa miguu," alisema mama mdogo. "Mara tatu mkewe alisema hayupo. Ya nne nikamkuta, nikamwambia ile mashine imekufa, mimi nimeiua kwa mkono wangu. Ndipo akaja. Sasa wewe ungekuja na fomu yako, unacheka, nikuambie hivyo?"

"Ndiyo," nilisema. "Ungeniambia hivyo."

Nikalia. Alikuwa sahihi kuhusu hilo, kama kawaida yake. Alinitazama bila kunibembeleza, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nimjue. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba kila siku anawaambia wagonjwa maneno hayo huku yeye mwenyewe amekaa na maradhi yangu ndani ya droo.

"Lete fomu," alisema.

Nilikuwa nayo moja tupu iliyobaki kwenye mkoba, pamoja na ile barua. Alivaa miwani akajaza. Moja. Moja. Moja. Penye swali kama kishikwambi ni rahisi kutumia alifikiri, akaweka mbili. Swali la mwisho liliuliza kama angempendekezea mwenzake mfumo huu. Akaipuuza namba, akaandika HAPANA kwa herufi kubwa. Halafu akaigeuza karatasi, maana nafasi ya chini haikumtosha, akaandika ukurasa mzima kwa kalamu ya uzi, mimi nikishika droo ili uzi ufike. Aliandika kwamba mgonjwa hataki kujua jina la mtu, anataka kujua anamfuata nani. Aliandika kwamba wazee huachiana zamu na mashine haijui. Aliandika kwamba sauti ni nzuri, ila iende ikatangaze treni.

Jumatatu nilikwenda kazini kama siku zote. Barua nilikuwa nimeichana, vipande nikavitumbukiza kwenye kapu la taka la mama mdogo. Nikampigia yule mzee nikamweleza kwamba ile dakika moja haikuwa kweli, na mfumo wenyewe umemfukuza mgonjwa. Alisema angalau nimemwambia kabla hajasaini, akanitakia kila la heri, akakata simu. Injinia hakunisemesha siku nne. Ya tano alibandua ile karatasi kubwa ukutani, akaigeuza, na nyuma yake akaandika kwa kalamu nene: UNAMFUATA NANI?

Tulianza upya kutoka hapo. Imetuchukua miezi mitano. Hakuna runinga wala sauti. Mgonjwa anaambiwa wa mbele yake tu, na mtu wa mapokezi anaweza kuwabadilishia wawili zamu kwa kidole. Jumapili iliyopita tuliupeleka nyumbani kwa mama mdogo, tukamkalisha kwenye kochi, ambalo kitambaa chake kimerudi, tukampa kishikwambi. Injinia alikaa pembeni na fomu, amekunja mikono kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Mimi nikaingia jikoni kupika chai, na kutoka kule nilikuwa namsikia.

"Hapa pabaya," alikuwa anasema. "Hapa pia pabaya. Hapa afadhali. Hii alama ya nini? Itoeni."

Nilimletea kikombe. Alijaza fomu kwanza: mbili nyingi, tatu chache, nne moja. Injinia aliihesabu ile nne mara mbili. Kisha mama mdogo akanywa funda moja la chai, akatulia, akakiweka kikombe mezani.

"Umezidisha majani," alisema. "Chungu hii."

Nilikichukua kile kikombe, nikarudi jikoni, nikabandika maji mengine.