Gari Lililokataa Kusimama

Mgahawa wa shangazi pale Shelui ulinukia supu ya kuku, na televisheni yake ilisikika mpaka barabarani. Mchana mmoja likaja tangazo la gari jeupe lililopanda mlima likiwa tupu, dereva peke yake. Shangazi, aliyezoea kusimamisha malori apakie matenga yake ya kuku, aliipungia televisheni mkono.

“Simama basi, wewe! Viti vyote hivyo vya nini?”

Wateja walicheka mpaka wakapaliwa. Mimi, mtoto mdogo wakati huo, nililia, maana niliamini dereva ametuona akatunyima lifti. Nilinyamazishwa kwa paja la kuku.

Juzi niliona tangazo jingine: gari likasimama, bibi akapanda na kuku wake. Niliruka nikapiga makofi.

“Baba, utalinunua?” mwanangu akauliza.

“Wala! Nimefurahi tu, leo limesimama.”