Zimwi Mtanashati

Nilikosa usingizi kwa sababu ya zimwi niliyemtunga mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakoloni walipokuwa wakipigana na wapigania uhuru. Nilikuwa nimerudi Kibugu na digrii yangu, nikifundisha shule iliyokuwa ndani ya uzio wa kijiji tulikohamishiwa kwa nguvu. Nikaandika mchezo kutokana na hadithi ambayo kila mtoto wa Embu ameisikia: zimwi anajigeuza kijana mzuri, wasichana wanamfuata kutoka ngomani, kumbe kisogoni, chini ya nywele, ana mdomo wa pili wa kuwalia. Nilidhani watu watatetemeka. Walimpigia makofi. Wasichana walioliwa hakuna aliyewakumbuka, kwa kuwa sikuwapa la kusema ila yowe. Maneno matamu yote nilimpa yeye.

Aliyecheka zaidi alikuwa mkuu wa homugadi, askari wenyeji waliowatumikia wakoloni. Huyo alikuwa mtu wa adabu: alipiga hodi kabla ya kuchoma nyumba, na alimuuliza mama hali ya kuku wake kabla ya kuwachukua. Sasa alitaka kumwoa dada yangu.

"Anajua kuongea," dada aliniambia. "Wewe ukimsalimia mtu unatoa mhadhara."

"Anapiga watu."

"Na zimwi wako je? Ulimpenda mpaka ukawanyima wengine maneno." Kisha akaacha kucheka. "Baba hayupo. Ukinywa pombe yao, nitaenda. Usiponywa, sitaenda. Si wewe ndiye uliyesoma?"

Kwetu, baba akishakufa, kifunguamimba ndiye anayeonja kwanza pombe ya asali ya posa, na kuionja ni kukubali. Kifunguamimba nilikuwa mimi.

Nikawaza usiku kucha. Labda tunawapenda wauaji wa hadithini kwa kuwa hawana wasiwasi, nasi tulio nao tunadhani huo ni ushujaa. Labda, na hili ndilo lililoniuma, ni rahisi kusema mtu anavutia kuliko kukiri kwamba unamwogopa. Mimi mwenyewe kila nilipomwona mkuu yule nilitabasamu kama bwege.

Asubuhi alikuja na wazee wake. Kupika pombe kulikuwa kumekatazwa, ila kwa waliokataza. Akaninyooshea pembe ya pombe kwa mikono miwili.

"Mwalimu, shemeji yangu, onja."

Nilihisi uso wangu unaanza kutabasamu wenyewe. Nikauzuia. Nikamrudishia pembe ikiwa imejaa, mbele ya wazee wote, nikasema sinywi.